Namba Kumi na Nne

Kila asubuhi, katika kituo kimoja cha utafiti kule Kawe, Mauwa aliosha vizimba kumi na vitatu, kisha akachanganya chakula: unga, samli, na mayai manne kwa kila mnyama. Daktari Kamugisha alikuwa anatafuta mnyama ambaye mishipa yake ya damu huziba kwa mafuta kama ya binadamu. Panya walikula samli miezi mitatu, mishipa ikabaki safi. Sungura waliziba upesi mno. Nguruwe wangefaa, ila aliyekubali kuwashika ni mhudumu Polikarpo peke yake, na Polikarpo alikuwa na mgongo mbovu.

Mwaka ule duka la ushirika lilikuwa na foleni na chumvi, basi. Mauwa akawa anachota kata moja ya chakula cha sungura, anaifunga kwenye pindo la khanga, anampelekea mama yake, Bi Zuena.

Siku ya arobaini Bi Zuena aliamka na kibati sikioni, kimeota kama jino: 14. Hakikuuma. Akavuta ushungi, akaendelea kufagia.

Kituoni, daftari nalo lilikuwa limeota mstari.

"Ndugu Mauwa, namba kumi na nne iko wapi?"

"Nyumbani, daktari."

"Mnyama wa serikali halali nyumbani. Mlete."

Bi Zuena alikuja kwa miguu yake. Mlinzi alimwamkia shikamoo, akamfungulia kizimba. Daktari akampima mapigo, akatabasamu.

"Huyu ndiye. Wote hao, hakuna aliyemkaribia mtu hivi."

"Daktari, huyo mama yangu."

"Naona. Pua ni moja."

"Alhamdulillahi," alisema Polikarpo, Mkristo wa Masasi. "Mgongo wangu utapumzika."

Bi Zuena akanawiri. Majirani walipomtembelea walimwonea kijicho.

Alhamisi moja ubaoni iliandikwa: 14, kesho, asilishwe. Mauwa alijua sheria. Atakayepasuliwa kesho, leo hali. Alingoja daktari aende kula, akafungua kufuli.

"Mama, toka. Kesho wanakupasua."

"Nitoke niende wapi?"

"Nyumbani."

"Umepika nini?"

Mauwa alikung'uta pindo la khanga, tupu.

"Basi rudishia mlango, mwanangu, inzi wanaingia. Na mayai yangu leo mbona yamechelewa?"