Zamu ya Sala kwa Mama Gauthier

Shirika la pale Mapendo, jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa huo, lilikuwa na desturi yake: kila Alhamisi saa kumi watu wanasali nyumbani kwa mmoja wao, nyumba kwa nyumba, na zamu hairukwi. Hata ukifiwa, ndiyo kwanza wanakuja. Alhamisi hiyo zamu ilimwangukia Émérance, Mama Gauthier, ambaye kijana wake wa miaka ishirini na miwili alikuwa amelala kifudifudi juu ya dari.

Siku kumi na tisa! Tangu watu wenye bunduki waanze kuzoa vijana barabarani na kuwapakia malorini, Gauthier alishuka giza likiingia tu, akala, akajisaidia, akarudi juu. Aende kwao Butembo? Kwa njia ipi? Kaskazini vita, ziwani wanakagua, mpakani wanataka karatasi. Goma ilikuwa imefungwa kila upande, na ndani ya Goma nyumba, na ndani ya nyumba dari.

Ubaya zaidi, Émérance alikuwa amewadanganya wanashirika. Aliwaambia kijana amefika Butembo salama, nao, maskini, wakamshukuru Mungu kwa vigelegele. Kila alfajiri alimwambia Mungu, "Ninakutumainia," kisha akaenda kukagua misumari ya dari. Sasa huko ndiko kutumaini? Alijiuliza, akaona aibu.

Walikuja kumi na mmoja. Wa mwisho alikuwa Papa Adalbert, na Émérance akajizuia asitazame dari. Mzee huyu ndiye aliyeongoza sala, lakini pia ndiye mkuu wa nyumba kumi, na kila Jumamosi aliwapelekea wakubwa wapya, wale wenye bunduki, ofisini kwao orodha ya wanaume waliomo mtaani. Émérance alimpa kiti cha karibu na mlango.

Somo lilikuwa la Danieli katika tundu la simba. Bénédicte, jirani muuza makaa, alisoma polepole. Alipofika kwa malaika, huko juu kikatoka kikohozi. Kisha kingine, kimebanwa kwa kitambaa.

Macho yote juu.

Panya, Émérance alitaka kusema. Neno lilikuwa tayari ulimini. Panya gani huyo wa kukohoa? Lakini hilo silo lililomzuia. Alikuwa amechoka, amechoka mno, kumshika mtoto kwa mikono miwili huku akimwambia Mungu nimekuachia. Akapiga magoti palepale mkekani.

"Ni Gauthier," alisema. "Butembo hakufika. Niliwadanganya, munisamehe. Kumulinda peke yangu nimeshindwa. Papa Adalbert, ukitaka kumuandika, andika. Lakini mumuombee kwanza."

"Yee Mungu wangu!" Bénédicte alinong'ona.

Papa Adalbert alivua miwani. Akaifuta kwa ncha ya koti, akaifuta tena, hata Émérance akatamani kumtikisa aseme lolote.

"Ashuke," alisema hatimaye. "Tutamuombea namna gani na yeye haiko? Bénédicte, funga mulango."

Gauthier alishuka mweupe kwa vumbi. Walimweka katikati, wakamwekea mikono kichwani, wakasali kwa sauti ya chini. Malaika hakutokea. Nje lori lilipita, likapunguza mwendo, kisha likaenda zake.

Baada ya Amina hakuna aliyeinuka. Kila mmoja alijua hakuna pa kumpeleka kijana huyu. Atarudi juu tu. Siku zote alipanda kwa kiti kilichowekwa juu ya meza, mama yake akikishikilia peke yake. Leo Papa Adalbert alikisogeza kiti pembeni, akainama chini ya tundu la dari, akashika ukuta.

"Kanyaga hapa, begani."

"Papa, koti yako..."

"Kanyaga, nasema! Unangojea nani?"

Kijana akakanyaga. Wengine wakamsukuma kwa chini, ubao ukafungwa. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakibishana kwa sauti kubwa juu ya bei ya makaa. Papa Adalbert alipofika mlangoni, Émérance alimvuta mkono. Begani mwa koti jeusi kulikuwa na unyayo mzima wa vumbi. Aliupangusa kwa ncha ya kitenge, machozi yakimmwagika.

"Pangusa muzuri, mama," mzee alisema, akitazama barabara. "Jumamosi iliyopita nilitoka kupandisha mutoto yangu darini, nikafika mpaka ofisini na unyayo wake hapa begani, sikujua."