Watu Watano Kyoto
Zilpah alikuwa anahitimu chuo kikuu huko Kyoto, na kwa kuwa mama yao aliyeko Kitui hakuweza tena kusafiri, alimwomba dada yake Mutanu aje akae kwenye kiti cha mzazi. Mutanu, muuguzi anayeishi ng'ambo, kitongoji cha Rooty Hill, na mumewe Wekesa, alikubali papo hapo. Viza zilipatikana, tiketi zikakatwa. Kilichowashinda ni mahali pa kulala.

Walikuwa watano: wao wawili, binti yao Jacky, Elkana wa darasa la kwanza, na Ephraim aliyekuwa bado ananyonya. Vyumba vya hoteli za mjini vilikuwa vya watu wawili, watatu kwa shida. Mutanu akitafuta viwili, anapewa vya ghorofa tofauti. Nyumba za wageni za kienyeji, zile za mikeka na magodoro ya kutandika sakafuni ambazo Jacky alizitamani tangu azione kwenye simu, zilikuwa na nafasi tele. Lakini kila Mutanu alipojaza umri wa watoto, nafasi zilitoweka. Nyumba moja ilimwandikia kwa adabu nyingi kwamba kuta zake ni za karatasi na wageni wake huja kutafuta utulivu.

"Kwani watoto wa Japani wakisafiri hulala wapi?" alimuuliza Wekesa, ambaye alikuwa ameshinda akiendesha lori bandarini Port Botany na hakutaka kuulizwa chochote.

Wekesa alimwambia aandike watoto wawili tu. Ephraim angeingia mgongoni, nani angemhesabu? Mutanu akakataa. Siku chache baadaye, akiwa mapumzikoni kazini, aliandika wawili. Chumba kikapatikana mara moja, karibu kabisa na chuo.

Hakufurahi. Alijiona amesimama mapokezi, mtoto analia mgongoni, wanarudishwa nje mbele ya Zilpah. Akapiga simu akasema ukweli. Karani alimsikiliza, akaomba radhi kana kwamba kosa ni lake, kisha akaifuta nafasi ile. Alisema ni sheria za usalama wa moto: watu chumbani hawazidishwi, hata mtoto mchanga.

Mutanu akampigia Zilpah.

"Nitakuja peke yangu. Nimechoka. Watoto watabaki na baba yao."

"Na Ephraim atanyonya nini, dada?"

Machozi yalimtoka Mutanu, ya hasira tupu.

Zilpah akaanza kupiga simu mwenyewe, kwa Kijapani, nyumba baada ya nyumba. Iliyowakubali ilikuwa kijijini, treni kisha basi hadi ufike chuoni. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, aliuliza jambo moja tu: kama watoto wanakula samaki asubuhi.

Mutanu alipowaeleza watoto, Jacky alijibu kwa Kiingereza kwamba yeye samaki asubuhi hali.

"Utakula," Mutanu alisema, akaenda kumbadilisha Ephraim nepi.