Noela Ameungua

Gauni lilikuwa moja, na wasichana waliokwisha kupokea Komunyo ya Kwanza ndani yake walikuwa saba. Mama mmoja wa Msamala alilichomoa kwenye belo la mitumba, jeupe, la mikono mirefu, akamvalisha bintiye, na mwaka uliofuata akampa jirani. Tangu hapo likawa gauni la jumuiya ya waumini pale mtaani. Familia isiyokuwa na la kwake iliazimwa, ikalitumia, ikalifua, ikalirudisha kwa Skolastika, mwenyekiti wa akina mama, ambaye alilitunza kwenye sanduku la bati pamoja na vipande vya sabuni ili lisinuke.

Mwaka huo zamu ilikuwa ya Noela, mjukuu wa Bibi Walburga. Skolastika alilileta mwenyewe Ijumaa jioni, akalikabidhi kwa mikono miwili, na akasema jambo moja mara mbili: gauni lile halipigwi pasi. Litundikwe tu, mikunjo itajiondoa. Walburga akaitikia, na alipoitikia alikuwa na nia hiyo hasa.

Lakini Jumamosi asubuhi, Noela alipokwisha kwenda kanisani na wenzake, bibi alilitazama gauni pale ukutani akaona mkunjo mmoja kwenye upindo. Mkunjo wenyewe haukuzidi urefu wa kidole. Sasa Walburga, alipokuwa msichana kule Hanga, alikuwa akipiga pasi vitambaa vya altare, na hakuna aliyewahi kumkuta na mkunjo. Akakumbuka kwamba kesho yake mtoto atatembea katikati ya kanisa, watu wote wakimtazama, na mkunjo ule. Akawasha mkaa.

Alifanya kila kitu kama alivyofundishwa. Alipuliza majivu, akafunga kifuniko cha pasi kwa komeo lake, yule jogoo wa chuma, akajaribu joto kwa tone la maji, akatandika kitambaa kibichi juu. Upindo ukanyooka vizuri mno, na hilo ndilo lililomponza. Alipoona umenyooka akapata moyo, akapanda juu, akafika kifuani, na pale kitambaa kibichi kikateleza kidogo. Vitambaa vya altare vilikuwa pamba. Gauni lilikuwa nailoni. Alisikia sauti ndogo kama mtu anayefyonza chai ya moto, na alipoinua pasi, pasi iliondoka na kipande cha gauni.

Walburga aliketi kwenye kigoda. Shimo lilikuwa kubwa kama kiganja, kingo zake za hudhurungi, katikati kabisa ya kifua. Hakulia. Alifikiria wale wasichana saba na mama zao, na wasichana ambao zamu yao haijafika. Alimfikiria Skolastika akisema mara mbili. Akamfikiria Noela, ambaye tangu Pasaka alikuwa akihesabu majuma kwa vidole, na ambaye kesho hatakuwa na cha kuvaa isipokuwa sare ya shule.

Miguu yake haikuwa ya kumfikisha kwa Skolastika upesi, na macho yake hayakuwa tayari kukutana na ya Skolastika. Akaikumbuka simu.

Simu ile ya kupangusa aliletewa na mwanawe Pankrasi, siku zile simu za namna hiyo zilipojaa madukani na kushuka bei. Egidi, mwendesha bodaboda ambaye pia ni katibu wa jumuiya, alimwingiza kwenye kundi la wasapu. Egidi alilianzisha kundi kwa ajili ya kutangaza sala za Alhamisi na misiba. Haukupita mwezi likajaa mambo ya nyumbani. Mama mmoja aliandika kwamba panya amefia kwenye pipa la maji ya kunywa, afanyeje. Mwingine mtoto wake alijitia harage puani, na Yasinta, nesi wa Mshangano, akamwelekeza hatua kwa hatua mpaka harage likatoka. Egidi mwenyewe aliweka chumvi kwenye chai ya wakwe zake watarajiwa, akauliza kama kuna namna ya kuwaelezea. Walimcheka siku tatu, kisha wakamtungia maneno ya kusema, na wakwe wakakubali.

Walburga alizoea kusoma tu. Mara moja alijibu, pale binti mmoja alipounguza maharage na wageni wako mlangoni. Alimwandikia asikoroge, ahamishie ya juu kwenye sufuria nyingine, atie kitunguu kizima. Watu kumi na wanne walimtumia alama ya kidole gumba. Aliwahesabu, na kila jina alilikumbuka.

Basi akaichukua simu. Miwani alikuwa ameisahau chumbani na hakutaka kupoteza muda. Aliandika kwa kidole kimoja, kile chenye nyufa za jembe, na kidole hicho kilikuwa na tabia ya kugusa mahali pasipotakiwa. Maneno mawili ya mwanzo, "gauni ya", yalifutika bila yeye kuona. Na hata yangebaki, bado kulikuwa na tatizo la pili. Walburga alikua na Kingoni, Kiswahili alikikuta njiani, na katika Kiswahili chake kila kitu kilikuwa mtu. Sufuria ameungua. Mwiko amevunjika. Noela, aliyekuwa darasa la nne, alimsahihisha kila siku: "Bibi, sufuria imeungua." Naye bibi alijibu kila siku kwamba ndivyo alivyosema.

Kwa hiyo jumuiya nzima ya Msamala, saa nne asubuhi, ilisoma hivi:

"Noela ameungua kifuani vibaya sana. Kosa ni yangu. Nisaidieni."

Walburga aliona zile tiki mbili zikitokea. Kisha simu, ambayo haikuchajiwa tangu Alhamisi kwa sababu ya mgao wa umeme, ikazima.

Akabaki ameishika. Alifikiri: sasa wamesoma. Sasa Skolastika amesoma. Jirani wa upande huu walikuwa shambani na wa upande ule walikuwa sokoni, ua umenyamaza, kuku tu wanaparura. Alidhani na wao kule wamenyamaza hivyohivyo, kila mmoja na hasira yake. Akalikunja gauni polepole, akalifunika kwa kanga kama mtu anavyofunika kitu asichoweza kukitazama.

Wa kwanza kufika alikuwa Egidi. Pikipiki iliingia uani bila kupunguza mwendo, kuku wakatawanyika, na nyuma yake alikuwa amempakia Yasinta na mkoba wake wa dawa. Kabla haijazimwa vizuri, Skolastika naye akatokea kwa mbio, mwanamke mnene wa miaka hamsini, kandambili moja mguuni na moja mkononi, na kopo la asali kwapani. Nyuma yake alikuja Majidi, fundi cherehani wa barabarani, ambaye si wa jumuiya wala hakuwa kwenye kundi. Alimwona Skolastika akipita barazani kwake anakimbia, akaambiwa kwa kifupi, akaacha shati la mtu chini ya sindano, akabeba dumu la maji ya baridi.

Walburga alisimama. Alitarajia kusemwa, ila hakutarajia waje wanne.

"Mtoto yuko wapi?" Yasinta aliuliza, tayari amefungua mkoba.

"Hayupo. Yuko kanisani," Walburga akajibu kwa sauti ya chini. "Padre aliwaita."

Yasinta alisikia "hayupo" na "kanisani" tu, akaketi chini, palepale kwenye vumbi. Egidi akavua kofia yake ya pikipiki. Skolastika akashika ukuta, akaanza ishara ya msalaba, ikamshinda kufika bega la pili.

Bibi aliwatazama nyuso zao akaona mambo ni mabaya kuliko alivyofikiri. Machozi yaliyokataa kutoka tangu asubuhi yakaanza kutoka.

"Nisameheni, wanangu. Skola aliniambia nisimpige pasi. Mimi nikampiga."

"Ulimpiga pasi?" Egidi akasema.

"Nilimpiga. Kule chini alinyooka vizuri, basi nikapanda kifuani."

Majidi alilitua dumu polepole. Egidi alirudi nyuma hatua moja. Ndipo Walburga, akiwa ameinamisha kichwa, akaingia ndani, akatoka na ile kanga mikononi, akaifunua mbele yao.

"Huyu hapa."

Wakalitazama gauni. Wakalitazama shimo. Kuku mmoja akapita katikati yao.

Yasinta ndiye aliyeuliza, kwa utaratibu kama anavyouliza wagonjwa: "Mama, Noela amekwenda kanisani na miguu yake?"

"Na miguu yake. Na viatu vipya."

"Haumwi popote?"

"Alikunywa uji vikombe viwili. Kwani nani kasema anaumwa?"

Majidi alianza kucheka. Alijaribu kugeukia upande, mabega yakamsaliti, na Egidi akafuata mpaka akalazimika kuegemea pikipiki. Walburga hakuelewa. Egidi akampa simu yake asome, bibi akaishikilia kwa mbali kwa sababu ya macho, akasoma maneno yake mwenyewe, kisha yaliyofuata chini yake. Yalikuwa mengi. Maji baridi tu, msipake kitu chochote, Yasinta aliandika. Mimi naacha mahindi mashineni nakuja. Nani yuko karibu na Bibi Noela, simu yake haipatikani. Mume wangu ana gari, iko tayari. Rozari tunaanza sasa hivi hapa nyumbani kwangu. Bibi, usijilaumu, sisi sote tuna moto majumbani.

Huyo wa mwisho hakujua bado kama mtoto yu hai.

"Mimi niliandika gauni," Walburga akasema.

"Hukuandika, Bibi," Egidi akasema. "Na kama ungeandika, si ungesema huyu."

Skolastika alikuwa hajacheka. Alikuja akamkumbatia mwanamke yule mzee, kopo la asali likiwa katikati yao, akamshikilia kwa muda mrefu.

"Skola, gauni lako," Walburga akanong'ona begani kwake. "Ulinikataza."

"Mama, nimekimbia njia nzima namzika mtoto huyu. Nimeshamchagulia mpaka nyimbo. Wewe unaniambia gauni."

Egidi akaandika kwenye kundi: Noela mzima kabisa. Aliyeungua ni gauni la jumuiya. Akapiga picha ya shimo akaituma. Majidi wakati huo alikuwa amelichukua gauni, amelipindua nje ndani, analipapasa kwa vidole kama mtu anayesoma.

"Hili mbona limeshapasuliwa sana," akasema. "Upindo ulikatwa. Vifungo hivi vitatu si vyake. Na huu utepe wa kiunoni umefunika kitu."

Skolastika alikunja uso. Alisema haiwezekani, yeye ndiye mtunzaji, angejua. Lakini simu ya Egidi ilikuwa imeanza kulia mfululizo, na Egidi akamsomea. Mama wa msichana wa tatu alisema utepe aliuweka yeye, kufunika mchuzi wa sherehe, na kwamba hakulala siku mbili kwa hofu. Mama wa tano aliomba radhi kwa jumuiya: mbuzi alilitafuna kwenye kamba, yeye mama akakata upindo, akashukuru Mungu kwamba aliyefuata alikuwa mfupi. Mwingine akaandika kuhusu vifungo. Yule aliyelitoa mtumbani akaandika kwamba hata siku ile lilikuwa na tundu la sigara kwapani, ndiyo maana aliliona wa kwanza.

Walburga alisikiliza kila jina. Miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa amebeba cha kwake peke yake, akilirudisha gauni kwa mikono miwili na moyo unadunda.

Wakamgeukia Skolastika. Alivaa ile kandambili ya mkononi, bila haraka.

"Hiyo lesi ya shingoni," akasema hatimaye. "Sanduku liliingia kutu."

Hapo ndipo naye alipocheka, akacheka mpaka Yasinta akampa maji ya dumu.

Majidi alipima kwa macho. Akauliza mikono ya mtoto ina urefu gani. Walburga akamwonyesha kwa mkono wake mwenyewe, na ikaonekana mikono ya gauni ingempita Noela hadi kucha. Fundi akasema basi kazi imekwisha. Atakata shubiri moja kila upande, aunganishe, aingize kifuani na pindo nyembamba nyembamba za kusimama, watu watadhani ni mtindo. Mwenye shati angesubiri. Egidi alimpeleka na pikipiki, na kabla hawajaondoka Majidi akageuka akamwambia Walburga kwamba akimrudishia jioni amtundike tu, asimpige. Bibi akasema amesikia.

Wengine hawakuondoka. Waliokuwa njiani walikuwa wameshakata shauri la kuja, wakaja. Yule wa mashine alifika na unga mweupe nywelini. Wa rozari walifika watatu na rozari zao. Mtu akachochea ule mkaa wa pasi, akatia kuni, akabandika chai, kwa sababu baridi ya Juni ilikuwa kali na asali ya Skolastika ilikuwepo.

Noela alirudi saa sita. Alitokea kwenye njia ya pembeni peke yake, amejishika mikono mbele kama walivyofundishwa, anatembea polepole asije akachafua kitu. Alikuwa ameungama kwa mara ya kwanza maishani. Aliinua macho akaona ua umejaa watu wazima, na wote wamesimama.

Akasema shikamooni. Walimwendea. Skolastika alimshika mashavu. Yasinta akamgusa kifua, hapa na hapa. Mwanamke mwenye unga akambusu kichwani, akamwacha na alama nyeupe, na mmoja wa wale wa rozari akasema ahsante Yesu, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Noela alipita mkono hadi mkono mpaka akafika kwa bibi yake, akamvuta sikio chini.

"Bibi," akanong'ona, "katekista alisema ukitoka kuungama unakuwa mpya. Kumbe inaonekana?"

Walburga alimtazama kuanzia viatu hadi ile alama ya unga.

"Anaonekana," akasema.

"Inaonekana, Bibi."

"Si ndivyo nimesema."