Jani la Mshubiri Kwenye Glasi

Ulikuwa wivu, na mtu asije akamtetea hapa kwamba ilikuwa huruma au mapenzi. Wivu mtupu, ule wa kumnyima mtu usingizi na hamu ya chai. Na aliyeuwasha ni wifi yake, mke wa kaka yake, mwanamke ambaye tangu azaliwe hajawahi kushika chanuo kwa kazi.

Mwenye wivu mwenyewe alikuwa msusi. Mtaa mzima walimwita Fundi, hata mama yake mzazi. Miaka kumi na tisa ana saluni yake, yenye vioo vitatu, viti viwili vya kuzunguka na kikaushio kinachonguruma kama kina ugomvi na mtu. Mabibi harusi wamepita mikononi mwake mpaka amesahau idadi. Halafu, jamani, mama yake akaugua homa ndefu, akapona, nywele zikaanza kupukutika, na kichwa akakabidhiwa nani? Wifi!

Tuseme ukweli lakini. Siku nywele zilipoanza kutoka, Fundi ndiye aliyekuwa anamchana mama. Chanuo lilirudi na fungu zima. Akaliweka chini polepole, akasema amesahau kitu saluni, akaondoka. Kesho yake alileta wigi, jeusi tii, zuri kupita nywele za wengi wetu. Mama alilivaa mara moja, akasema lina joto, likaishia kuning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

Daktari alikuwa ameshasema nywele zitarudi zenyewe, muhimu bibi ale vizuri na awe na subira. Nani alimsikiliza? Wifi, aliyekuwa akiishi na mama nyumba moja, akapanda mishubiri kwenye makopo ya rangi, ikajaa uani. Akampangia mama chakula: mchicha, dengu, mayai, mbegu za maboga, na parachichi kila asubuhi. Sukari akaificha juu ya kabati. Kila Jumamosi akamkalisha barazani, akamsugua kichwa kwa ute wa mshubiri uliochanganywa na mafuta ya nazi, huku wanachekeana kama mashoga wa siku nyingi.

"Mama Majani," Fundi alimpachika jina, kisha akalitangaza saluni nzima. "Siku moja mtasikia amempikia mama nyasi."

Wateja walicheka. Yeye hakucheka.

Mwezi wa nne vinywele vikachomoza, vifupi, laini, vyeupe kwa vyeusi. Mama akawa hana jingine. Kila aliyepita barazani aliitwa. "Njoo, shika uone! Mikono ya mkwe wangu hii!"

Mikono ya mkwe wangu. Neno hilo lilimkaa Fundi kooni kama mwiba wa samaki. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mama yake aseme, mbele za watu, kwamba nywele zile ni kazi ya mikono ya binti yake. Basi. Hakutaka zaidi ya hapo.

"Na wewe Fundi, shika," mama alimwambia siku hiyo.

"Nina mafuta mikononi, mama. Nitakuchafua."

Hakuwa na mafuta yoyote.

Basi akaanza kuchunguza. Aliketi jikoni akijifanya anachambua mchicha, kumbe jicho liko kwa wifi. Akaona jani linavyomenywa, ute unavyokombwa kwa kijiko, unavyosagwa na kuchujwa kwa kitambaa, na mafuta yanavyoingia. Kumbe ndiyo haya tu? Kulikuwa na kituko kimoja. Dirishani siku zote palikuwa na jani lililokatwa, limesimama ndani ya glasi kama ua la sebuleni. Tena glasi yenyewe haina maji! Fundi akajichekea moyoni. Huyu naye anapamba dirisha kwa mshubiri.

Ijumaa, wifi akiwa sokoni na mama amelala, Fundi akaingia uani na kisu. Alikata majani manene kuliko yote, akayamenya papo hapo, akasaga, akachuja. Akamwaga dawa yote ya wifi iliyokuwa kwenye chupa, akajaza yake katika chupa ileile. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: ya kwake ni mbichi, ina nguvu, nywele zitaota kwa fujo. Watu wakishangaa, ndipo atasimama na kuuliza, mnajua dawa ilikuwa ya nani?

Jumamosi aliwahi kufika, akachagua kiti cha mbele kabisa. Wifi akapaka huku anasimulia vituko vya sokoni. Mama akacheka, akajikuna kidogo. Akajikuna tena. Kisha akapeleka mikono yote miwili.

"Jamani, panawaka moto! Kichwa changu!"

Ngozi ilikuwa imeshakuwa nyekundu, vinywele vimelala. Wifi alinusa vidole vyake, akainua chupa juani, akaona umanjano umetuama chini. Akamtazama Fundi mara moja tu. Fundi akajitia kukagua kucha zake.

"Nisamehe, mama," wifi alisema, na machozi yakamtoka. "Ni mimi. Jani likikatwa linasimamishwa kwenye glasi mpaka ule utomvu wa njano utoke wote. Ndio unaowasha. Nilikuwa na haraka."

Mama akamshika mkono. "Usilie, mwanangu. Kuwashwa kutaisha. Umenihangaikia miezi yote hii, leo nikukasirikie? Hakuna neno, mwanangu."

Mwanangu! Mara mbili! Hakusema hata mkwe. Fundi akaziacha kucha zake. Kosa kalifanya yeye, kwa kisu chake na jasho lake, na utamu wake kaula mwingine!

"Ni mimi!" alipiga kelele, kasimama. "Dawa ni yangu! Nimeitia mimi jana! Hata kosa langu nalo mnampa yeye?"

Wifi akaangalia sakafu. Mama akamgeukia bintiye, mkono ungali kichwani.

"Sasa chupani ulipitia kufanya nini?" akauliza. "Si ungenipaka mwenyewe? Kichwa si hiki hapa?"

Fundi akajirudisha kitini.

"Tangu nywele zianguke hujanigusa kichwa, Fundi. Hata siku moja. Nikasema labda mwanangu ananionea kinyaa."

"Si kinyaa, mama," Fundi alisema. "Niliogopa. Lile chanuo... niliogopa."

"Basi njoo uniondolee moto huu, mwanangu. Utaogopa ukimaliza."

Wifi alikwenda kuleta jagi la maji na beseni. Mama akainama juu ya beseni. Fundi aliweka vidole juu ya kichwa kile kidogo, chenye joto, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa hakujua aanzie wapi. Akaanzia kisogoni, polepole. Vinywele vilikuwa laini kuliko alivyodhani.

Wifi akanyoosha mkono kumsaidia nyuma ya sikio.

"Wifi, hapo nafika mwenyewe," Fundi alisema, akimsukuma kwa kiwiko, na mama, uso ukiwa ndani ya beseni, akaangua kicheko.