Sahani Yenye Nukta Nyekundu

Betty alikata simu kwa kidole gumba, akaibinya kama mtu anayeua kupe. Akaona haitoshi. Akaitupa juu ya majora ya vitambaa, ikaruka, ikaanguka nyuma ya kaunta.

"Polepole, Afande," Harpreet, mwenye duka, akasema, akiinama kuiokota. "Hiyo simu si mfungwa wako."

"Mfungwa ana haki zake! Unajua huyu Eriya ameniambia nini? Eti nipumzike. Mimi! Eti Jumamosi nikae tu nitazame, Khainza atafanya kazi yangu."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja Mbale kujitambulisha kwa ajili ya Patience, binti wa kaka yao marehemu. Eriya, mdogo wake Betty, mwalimu mkuu mwenye nyumba nzuri mtaa wa Nkoma, ndiye angesimama kama baba. Lakini Patience hakulelewa Nkoma. Alilelewa Jinja, kwenye nyumba za askari magereza, na Betty mwenyewe, tangu meno ya utoto hayajang'oka. Na shangazi ndiye humtoa binti mbele ya wakwe. Katika ukoo wao kuna jambo moja zaidi: wakwe hawagusi chakula mpaka shangazi na binti wamekula kutoka sahani moja, na sahani ile imerudi jikoni tupu.

"Na huyo Khainza ni nani?" Harpreet akauliza.

"Binamu yetu. Sifa yake ni moja tu: amenona. Eriya anasema wakwe wana macho."

Harpreet alielewa, kwa sababu hata yeye macho ya watu yalishampitia.

Zamani Betty alikuwa mwanamke wa kujaza mlango. Wafungwa walimwita Lori, naye alijua, akacheka, akawaambia Lori halina breki. Lakini magoti yalimshinda, sukari ikapanda, ngazi za ofisi zikawa mlima. Basi akaenda Kampala, daktari akampunguza mfuko wa chakula ukabaki kama ndizi moja. Harpreet alikuwa ametangulia, alifanyiwa hayo hayo India, na Betty aliporudi Jinja, Harpreet akajipa cheo cha kumsimamia. Kila asubuhi simu inalia: "Yai?" "Nimekula." "Maji?" "Nakunywa." "Vitamini?" "Nimemeza, mama, niache nikapige gwaride!" Jioni wanatembea pamoja kuelekea mtoni. Siku za mapumziko wanakaa nyuma ya duka, kila mmoja na bakuli lake na kijiko cha mtoto mchanga, wanatafuna mpaka taya zinachoka.

Harpreet ndiye aliyemwambia yale ambayo daktari hakuwa na nafasi ya kusema. Nywele zitadondoka, zitarudi. Ngozi ya mikono itaning'inia kama nguo kwenye kamba. Siku moja utaona watu wanakula wali na nyama arusini, utalia kama umefiwa, na wala hajafa mtu. Yote yalitimia.

Lakini nyumbani Mbale Betty hakumwambia mtu. Utaanzaje? Watu wa kwao wanapanda mlimani na jembe alfajiri ili washibe, halafu wewe uwaambie umekwenda kwa hiari yako kukatwa tumbo ili usishibe? Wangemfunga kamba. Akasema tu, "Nimepunguza." Krismasi alikula vijiko vichache, akameza vidonge vyake vya vitamini, kisha akayatapika matoke nyuma ya nyumba kwa sababu alikula haraka. Nambozo, mke wa Eriya, aliyaona yote kutoka dirishani. Akajumlisha. Jibu alilopata ni lile ambalo Uganda hii wanalipata wakiona mtu aliyekonda upesi na chupa ya vidonge: silimu, yaani ukimwi.

"Waonyeshe makovu," Harpreet akasema. "Fungua blauzi mbele ya wifi yako, dakika moja, maneno yameisha."

"Nitamwonyesha mpaka aombe nifunge!"

Na kweli, njia nzima ya kwenda Mbale, Jumamosi hiyo mapema, tangu basi halijafika hata Tirinyi, Betty alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba. *Wifi, tazama hapa. Na hapa. Haya ni makovu ya ugonjwa au ya daktari?*

Nambozo alimpokea mlangoni kwa bega moja. Lile bega jingine lilibaki mbali.

"Karibu, wifi. Umechoka. Njoo upumzike huku nyuma."

"Sijachoka."

"Umechoka, wifi, umechoka."

Akampeleka chumba kidogo kando ya jikoni, penye magunia na kitanda cha kamba. Uani vijana walikuwa wanafunga hema, wanawake wanamenya matoke, harufu ya malewa, machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga, imejaa kila mahali. Nambozo akaleta chai na yai la kuchemsha juu ya sahani ndogo ya bati. Akaviweka juu ya gunia, si mkononi mwa Betty, akarudi nyuma hatua.

Betty alikuwa ameshashika kifungo cha kwanza cha blauzi. Ndipo akaona ukingo wa sahani. Nukta nyekundu, ya rangi ya kucha. Akainua kikombe. Nukta nyekundu.

Mkono ukasimama pale pale kwenye kifungo.

Nukta ile aliijua. Mama yake Patience alikuwa na sahani kama hiyo, katika boma la wazazi wa Betty, miaka ile watu walipokuwa wanakufa na dawa hazijafika. Mama mkwe wake, mama mzazi wa Betty na Eriya, alimpakia nukta kwenye sahani, kwenye kikombe, kwenye beseni. Patience alikuwa mtoto wa kukimbia-kimbia uani, alichapwa kwa kunywa kwenye kikombe cha mama yake. Yule mwanamke alikufa akiwa na kila chombo chake peke yake, kama askari. Ndipo Betty akambeba mtoto akaenda naye Jinja.

Nambozo aliolewa baadaye, hakuyaona hayo. Basi ni nani aliyemfundisha nukta? Ni mtu aliyekuwepo. Ni Eriya.

"Niitie mume wako," Betty akasema.

"Ana wageni, wifi..."

"NIITIE MUME WAKO!"

Hilo alilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya gwaride, na uani kisu cha mmenya matoke kikaanguka. Katika nyumba ile watu walizungumza Kigisu; Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, ya kuamuru na kukamata.

Eriya akaja na kanzu na koti, jasho tayari shingoni. "Dada, sauti. Wakwe wako njiani."

"Hii ni nini?" Betty akamwinulia sahani.

"Ni... ni Nambozo tu, anapenda usafi..."

"Eriya! Wewe unasimama mbele ya watoto kila muhula unawaambia ugonjwa huu haupiti kwenye kikombe. Unawaandikia ubaoni. Unawatahini! Wakikosea unawakata alama. Halafu unarudi nyumbani unamfundisha mke wako kupaka nukta?"

"Si mimi, dada. Mimi najua. Ni watu. Watu watasema."

"Watu wako wapi? Humu ndani namwona Eriya peke yake."

Eriya akashusha sauti. "Sahani ya shangazi lazima irudi tupu. Krismasi tuliona. Utatapika mbele ya wakwe, dada, na huyu mtoto ataachwa. Tuambie tu ukweli. Ni ule ugonjwa au siyo?"

Hapo ndipo makovu yalipotakiwa. Kifungo kimoja tu. Lakini Betty akaona jambo ambalo ndani ya basi hakuliona. Akifungua blauzi ile, atakuwa ameokoka peke yake. Atakuwa amesema: mimi sina, kwa hiyo nitoeni humu, na kama ningekuwa nao, chumba cha magunia kilikuwa haki yangu. Na haki ya mama yake Patience.

Akaiachia blauzi.

"Sikuambii," akasema.

"Dada!"

"Sikuambii leo, sikuambii kesho. Kazini kwangu wapo wanaomeza dawa zao kila siku, na wanapiga gwaride wakati wewe ukipanda ngazi unahema. Kama ninao, mimi ni shangazi. Kama sina, mimi ni shangazi. Chagua unalotaka, ukalale nalo."

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Patience, amevaa nusu gomesi, lile vazi la sherehe, mkono mmoja kucha nyekundu, mwingine bado, rafiki yake nyuma na chupa ya rangi. "Senga, shangazi yangu, nimesikia Kiswahili nikajua umefika..." Akaiona sahani mkononi mwa Betty. Akaitazama muda. Akaigusa ile nukta kwa kidole.

"Baba mdogo," akamwambia Eriya, taratibu kabisa. "Ya mama ilikuwa hivi hivi."

Nje, magari yakaanza kupiga honi.

"Wamefika," Nambozo akasema. "Patience, Khainza anakungoja."

"Sitoki na Khainza."

"Mwanangu..."

"Nitatoka na senga au mtawapa wakwe mbuzi badala yangu."

Betty akamgeukia yule rafiki. "Hiyo rangi ya kucha umeitoa wapi?"

"Ya mama Nambozo. Ilikuwa pale kabatini."

Bila shaka. Chupa ni ile ile. Betty akaipokea, akavuka jikoni mpaka kwenye meza ya vyombo. Sahani nyeupe za wageni, fahari ya Nambozo, zilikuwa zimepangwa pale. Akachukua ya juu, akapaka nukta kwenye ukingo. Akachukua ya pili. Patience akaja upande wa pili wa meza, akatumia kijiti cha kiberiti.

"Wifi, hizo ni za arusi yangu!" Nambozo akalia.

"Ndiyo maana. Tunazipamba. Hii ya kwako wewe, nikupakie kubwa?"

Wanawake wa matoke walisimama mlangoni, hakuna aliyecheka, hakuna aliyezuia. Ungemzuiaje askari magereza mwenye hasira, wakwe wakiwa wanashuka kwenye gari?

Baba mkwe alikuwa Mzee Opolot, mwanajeshi mstaafu kutoka mji wa Kumi. Mwanawe Tonny, mchumba wa Patience, alikaa kando yake, tai imemkaba. Kwa kuwa hawa hawakujua Kigisu na wale hawakujua Kiteso, mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili, na wazee wa Eriya walikaa wima kila Mzee Opolot alipokohoa.

Patience alitoka ameshikwa mkono na Betty. Gomesi la Betty lilikuwa la zamani, limefungwa kwa pini pande zote, kola imesimama mbali na shingo. Minong'ono ikapita chini ya hema. Betty aliisikia yote. Alitembea nayo.

Wakaketi mkekani. Khainza mwenyewe ndiye aliyeleta sahani, amepakia matoke kama kichuguu. Ilikuwa sahani ya bati, yenye nukta.

"Rudisha matoke haya," Betty akasema. "Nitajipakulia."

Sahani ile ile ikaletwa tupu, naye akaweka kuku kidogo, malewa kijiko, matoke ya kuonja. Akachomoa kifuani kijiko chake cha mtoto. Kisha akaanza kutafuna.

Hema zima likangoja.

Alitafuna jinsi Harpreet alivyomfundisha, mpaka nyama ikawa uji, ndipo akameza, akapumzika, akachukua tena. Patience akala naye, kwa mwendo ule ule. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa chakula. Mvuke ulianza kupotea kwenye masufuria. Mtu wa muziki akazima redio, halafu akaiwasha, halafu akazima. Eriya alijifuta uso kwa leso mpaka leso ikalowa. Betty alimtazama yeye tu. Kila alipotafuna, alimtazama.

"Mama huyu hapana haraka," Mzee Opolot akasema mwishowe.

Akajishika tumbo.

"Mimi nilikula haraka miaka yote jeshini. Sasa tumbo imeharibika kabisa, daktari anasema tafuna, mimi nasahau. Mama, tafuna. Sisi tuko."

Betty akamaliza. Akainua sahani, akaigeuza chini juu mbele ya wote. Haikudondoka hata tone. Wanawake wakapiga vigelegele, wengine kwa furaha, wengine kwa njaa.

Ndipo chakula kikagawiwa. Mzee Opolot akapokea sahani yake, akaizungusha, akatazama ya mwanawe, akatazama ya jirani.

"Hii alama nyekundu ni nini? Naona kila mtu iko nayo. Ni ya ukoo?"

Nambozo akashika mdomo.

"Muulize mwalimu mkuu, mzee," Betty akasema. "Yeye ndiye aliyesoma."

Eriya alikuwa amesimama na sahani yake mkononi. Aliigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, kana kwamba nukta ingeweza kutoka kwa kuzungushwa. Patience alikuwa anamtazama kutoka mkekani, kucha za mkono mmoja nyekundu, za mwingine tupu.

"Ni alama," akasema. "Ni alama ya watu wa nyumba hii."

"Wote?" Betty akauliza.

"Wote, dada."

"Sikusikia."

"Wote!"

"Haya," Betty akasema, kwa sauti ile ya gwaride. "Keti. Kula."

Eriya akaketi, akala.