Zulia la Sebuleni

Gari la shule halijawahi kung'aa vile tangu linunuliwe. Jana jioni Mama Cherehani alilisugua mpaka vidole vikachubuka: vioo, milango, hata zile kona za chini ya viti ambako watoto hubandika ubani waliochoka kuutafuna. Mwisho akaenda nyumbani akachukua kipande cha zulia kilichobaki walipotandika sebule, jekundu, nene, akakikata kwa mkasi wake mkubwa na kukilaza chini, pale dereva anapoweka miguu.

"Kama ni kufeli," alimwambia binti yake, "nifeli pasafi."

"Hufeli, mama. Ila ukifika kituoni kwetu usiniite Kidude mbele ya wenzangu."

Sasa siku yenyewe imefika. Mzee Breki, dereva wa shule kwa miaka kumi na tisa, anastaafu, na walioomba nafasi yake wamebaki wawili: Mama Cherehani, fundi wa nguo aliyepata leseni akiwa na miaka arobaini na moja, na kijana wa malori wanayemwita Turbo. Mwalimu mkuu alishakata maneno. Mama aanze, azunguke vituo vyote. Akirudi na watoto kabla ya kengele, kazi ni yake. Akishindwa, Turbo achukue ufunguo.

Mama akapanda, akafunga mkanda, akaweka vioo sawa, akakanyaga klachi, akazungusha ufunguo.

Kimya.

Akarudia. Kimya kilekile. Stata haikukohoa, haikusema hata 'tik'.

Turbo alikuwa ameegemea geti, kijiti mdomoni. "Gari limekataa kushonwa," akasema.

Mzee Breki akasogea mlangoni. "Hebu shuka kidogo mama, nijaribu mimi. Mimi na hili tunaelewana." Akapanda, akazungusha, akasikiliza, akazungusha tena. Hawakuelewana. "Betri hiyo," akasema akishuka. "Imekata roho."

"Mzee, naomba uwashe taa."

Alisema taratibu hata ikabidi arudie. Mama Cherehani si mtu wa maneno mbele za watu. Dukani kwake anaongea na futi ya kupimia kuliko anavyoongea na wateja. Mzee Breki akawasha. Taa zikamulika ukuta wa darasa la kwanza, kukawa kweupe.

"Na honi."

Honi ikalia mpaka njiwa wakaruka juu ya paa.

"Betri iliyokufa haipigi kelele hivyo," Mama akasema.

"Sasa tunafanya mtihani wa muziki?" Turbo akatema kijiti. "Tusukume. Gia ya pili, unaachia klachi, linawaka. Dakika moja tu, watu waende zao."

Mwalimu mkuu akatazama saa. "Kweli, mama. Tusukume, watoto wameshatoka majumbani."

Mama akalitazama gari. Akikubali, litawaka, na ataondoka hapo anapungiwa mikono kama bibi harusi. Na hatajua chochote.

"Mwalimu, nipe dakika tano. Likisukumwa litawaka, lakini sitajua lilikuwa linaumwa nini. Likizimika kule mlimani nina watoto ishirini na wawili, nani atasukuma? Wao?"

Turbo akacheka. Mwalimu mkuu hakucheka. "Tano," akasema. "Nahesabu."

Jana jioni gari liliwaka vizuri, Mzee Breki mwenyewe ndiye aliyeliegesha. Tangu hapo nani kaligusa? Ni mimi tu, akajijibu. Na nimefanya nini? Nimeosha. Basi akaanza na maji. Akafungua boneti, akashika nyaya za betri moja moja: zimekaza, kavu. Akafungua kisanduku cha fyuzi, akapitisha kidole: kavu kama karatasi. Dakika tatu zikawa zimekwenda.

Akarudi kitini, akavua kiatu cha kushoto.

"Ameona alale kabisa," Turbo akasema.

Mama akafumba macho, akakanyaga klachi kwa mguu mtupu. Miaka kumi na minane mguu huo umekanyaga pedeli ya cherehani, kutwa nzima, nguo za shule, mapazia, suti za watu wenye haraka. Unajua pedeli ikifika chini inajisikiaje. Hii haikufika. Ilibakiza kama upana wa kidole, ikakutana na kitu laini.

Akainama, kichwa chini ya usukani. Zulia lake jekundu lilikuwa limejikunja chini ya pedeli kama pindo lililoshonwa na mvivu. Na juu yake, akipapasa, akagusa kidude kidogo chenye waya. Akakielewa palepale.

Angeweza kulisukuma zulia chini ya kiti akanyamaza. Hakuna aliyekuwa anaona huko chini. Akashuka nalo mkononi.

"Kosa ni langu," akasema, na safari hii sauti ilifika mpaka getini. "Hili zulia nimeliweka mimi. Nene mno, linazuia klachi isifike mwisho. Na pale juu kuna swichi. Klachi isipofika chini kabisa, swichi haibonyezwi, na gari haliwaki."

Mzee Breki akainama akiugulia kiuno, akachungulia. "Miaka yote hii nalala na hili gari, swichi siijui," akasema. "Mimi nikikanyaga, nakanyaga."

"Kwa hiyo," Turbo akasema, "umeliharibu mwenyewe, ukalitengeneza mwenyewe."

"Ndiyo. Na bado nina dakika moja."

Akapanda. Klachi ikaenda mpaka chini, mguu ukaridhika. Gari likawaka papo hapo, bila kubembelezwa. Mzee Breki akafungua mnyororo wa ufunguo alioufunga kwenye mkanda wake miaka yote hiyo, akampitishia dirishani.

"Chukua na huu. Mimi nitafungia nini sasa, suruali?"

Kituo cha nne, binti yake alikuwa na wenzake watatu. Kila siku hukaa kiti cha nyuma kabisa. Leo akakaa cha mbele, begi mapajani.

"Dereva, kiatu kimoja kiko wapi?" akauliza, kwa sauti ya kusikika gari zima.

"We, unaongeaje na dereva hivyo?" mwenzake akanong'ona.

"Ni mama yangu," akasema. "Usijali."

Mama Cherehani akatazama barabara, akakaza midomo ili tabasamu lisimharibie gia.

Waliingia shuleni kengele ikiwa bado haijalia. Aliyefungua geti ni Turbo. Akasubiri watoto washuke wote, kisha akaja dirishani, akakuna shingo.

"Mama, samahani. Hiyo swichi iko upande gani hasa?"

Akamwonyesha. Nyuma yao mwalimu mkuu akapita na rejista kwapani. "Kesho saa kumi na mbili na nusu, dereva," akasema bila kusimama.

Mama akazima gari. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamngoja, akakanyaga klachi mpaka chini akaliwasha tena, alisikie tu.