Mlilaki Mweupe wa Vida

Radoje ni jirani yangu, na ni mbishi kuliko nyumbu wake. Kati ya ua wake na wangu kuna uzio wa mbao tu, kwa hiyo niliyaona yote.

Uani kwake kuna mlilaki, mti mdogo unaochanua vishada vya maua yenye harufu tamu; aliupanda binti yake, Vida. Alichimba mlilaki wa mwituni kule majabalini, ule wa zambarau unaojiotea, akaukata shina na kupandikiza juu yake kijiti cha mlilaki mweupe alichopewa na shangazi yake. Kikashika. Ulipochanua, maua yalikuwa meupe, mazito, na harufu iliingia mpaka jikoni kwangu. Kisha Vida akaota uvimbe kwenye mfupa wa goti. Walimkata mguu Februari, tukamzika Machi. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Tangu hapo Radoje hakutaka kuona msumeno. Kila mwaka, Jumatatu ile ya kuzuru makaburi baada ya Pasaka, alivunja kishada kimoja cheupe akampelekea. Sidhani kama alikuwa na kingine cha kumtoa kitandani.

Machipukizi yakaanza kutoka chini, mizizini.

“Radoje,” nilimwambia, “hayo ya chini siyo ya Vida. Ni ya yule wa mwituni. Yanamnyima chakula mweupe. Yakate.”

“Yanakusumbua nini?”

“Yananisumbua macho. Nipe mkasi, wewe nenda kanywe pombe yako ya rakia.”

“Hapa hakikatwi kitu, Stamena. Ukigusa, nakuvunjia uzio.”

“Uvunje. Utautengeneza mwenyewe, mimi sina mume.”

Alitaka kucheka, akajizuia. Hakukata. Mwaka hadi mwaka machipukizi yakanenepa, yakafika kwenye vigae vya paa, na tawi jeupe likabaki katikati na majani ya kuhesabika. Nilisema mpaka nikachoka, nikamwacha na ukaidi wake.

Masika haya mti wote ulichanua zambarau. Siku moja kabla ya Jumatatu ya makaburi akaniita. Alikuwa amesimama chini ya mti na kopo la maji mkononi.

“Nyeupe iko wapi?”

Nilipenya katikati, nikalikwangua tawi la Vida kwa ukucha. Ndani lilikuwa la kahawia, kavu. Nilikuwa na maneno yangu tayari, niliyoyatunza miaka yote hiyo. Nikamtazama usoni, nikayameza.

“Limekufa, Radoje.”

Akaenda bandani, akarudi na msumeno. “Likate wewe.”

Halikunipa kazi. Nililikata pale pale Vida alipounganisha, likadondoka, naye akaliokota.

“Daktari aliniambia Novemba ile,” akasema. “Wamkate mguu mapema, atapona. Vida mwenyewe alishakubali. Mimi nikasema binti yangu hakatwi. Akanisikiliza.”

Kijiji kizima hatukulijua hilo. Moyo uliniuma, na nilimkasirikia pia, siwezi kusema uongo. Nikavunja kishada cha zambarau, nikamnyooshea.

“Hayo siyo yake,” akasema.

Kesho yake alikwenda kaburini na lile tawi kavu.